Mwayo wa Ndalo Mbele ya Mahakama ya Hewani

Jamhuri ya Kwetukule ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani huisahau kila mara. Watoza ushuru hawajaisahau hata siku moja. Katika nchi hiyo haki ilikuwa mbali sana na wananchi, na hilo hakuna aliyelikana, hata serikali yenyewe. Ndipo wakubwa wakaketi, wakanywa chai, wakaketi tena, wakatoka na jibu: haki iondolewe kabisa pale ilipokuwa, itundikwe hewani, ili iwe mbali na kila mtu kwa usawa.

Mpango ukaitwa Haki Hewani. Waziri wa Haki, Minara na Masafa aliuzindua kwa kukata utepe, na kwa kuwa mpango wenyewe hauonekani kwa macho, utepe ulishikwa na askari wawili na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Zamani," alisema Waziri, "mwananchi aliifuata mahakama. Kuanzia leo mahakama itamfuata mwananchi. Na kesho mwananchi hatakuwa na pa kujificha."

Watu walipiga makofi. Wengine walisita kidogo, wakiyapima maneno, kisha wakaona kamera imewageukia, wakapiga kwa nguvu kuliko wale wa mwanzo.

Kanuni za Haki Hewani zilitoka kwenye kitabu kinene kama tofali, lakini raia wa kawaida alitakiwa kukumbuka mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba mtu ambaye sura yake haionekani kwenye skrini hayupo mahakamani, hata akiwepo. Ya pili ilisema kwamba heshima ya mahakama haijabadilika: hakimu akiingia, kila mtu asimame. Zilikuwa kanuni nzuri, zenye adabu, kila moja imelala kwenye ukurasa wake wala haina ugomvi na mwenzake. Wizarani zilijaribiwa na makarani wafupi, zikafaulu.

*

Katika kijiji cha Nanjilo aliishi mwanamke aitwaye Siwema Kapalata na mumewe Ndalo Lihumbo. Ndalo alikuwa fundi wa kuezeka, na alikuwa mrefu kupita kiasi. Watu walimwita Ngongoti, kwa jinsi alivyotembea kama mcheza ngoma aliyepanda juu ya miti. Nyumba nyingi za kijiji aliziezeka bila ngazi, na kwa zile nyingine alitumia ngazi kwa ajili ya heshima ya mwenye nyumba.

Kama ilivyo kwa mafundi wengi, paa bovu kuliko yote kijijini lilikuwa la kwake. Siwema alikuwa amelisema paa hilo mpaka akachoka, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha Ndalo. Akanunua mabati. Akayapanga ukumbini. Akapanda juu, akang'oa nyasi zote zilizooza, akabaki na fito na mbingu. Alifanya kazi hiyo kutwa nzima na kuendelea giza lilipoingia, ili kesho yake aanze kupigilia.

Kesho yake kukawa na mkutano wa hadhara.

Mkuu wa Wilaya alikuja kuzungumza juu ya umuhimu wa kuhudhuria mikutano ya hadhara. Kuhudhuria kulikuwa hiari, na majina ya wasiopenda hiari yalikuwa yakiandikwa mlangoni. Ndalo alisimama katikati ya umati, kichwa chake juu ya vichwa vyote kama mlingoti wa bendera, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mkuu wa Wilaya alipofika kwenye sehemu ya hotuba inayohusu mafanikio, Ndalo akapiga mwayo.

Haukuwa mwayo wa kawaida. Ulikuwa mrefu kama mwenyewe. Ulianza polepole, ukafunguka, ukakaa wazi, na kwa kuwa kichwa kilikuwa juu, kila mtu aliuona. Jirani yake akapiga mwayo. Mstari wa mbele ukapiga mwayo. Kwaya ya akina mama ikapiga mwayo kwa sauti zote nne. Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, aliyekuwa tayari ameweka tarumbeta mdomoni, akatoa mlio ambao haujulikani katika muziki. Mwisho wa yote Mkuu wa Wilaya mwenyewe, akiwa anasema "tumepiga hatua", akapiga mwayo badala ya hatua, na runinga ya taifa ilikuwa inaonyesha moja kwa moja.

Ndalo alikamatwa kabla hajafunga mdomo. Shtaka likaandikwa: kuanzisha mwayo wa hadharani bila kibali, na kuusababisha umfikie kiongozi.

*

Siwema akabaki na watoto chini ya fito. Mafundi wengine wa kijiji walikuja kumpa pole, wakayatazama mabati, wakasifu geji na unene wake, wakaondoka. Hakuna aliyetaka kuonekana juu ya nyumba ya mchochezi. Shoga yake Havijawa ndiye aliyemletea turubai, bango kuukuu la uchaguzi lenye picha ya Mtukufu Rais akitabasamu. Wakalitandaza juu ya kitanda. Lilikuwa na tundu moja tu, puani.

"Usilalamike, shoga," Havijawa alimwambia. "Wangapi nchi hii wanalala na Rais juu yao, na hawavujiwi?"

Siwema hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa milimani, ambako mawingu yalishaanza kukusanyika kama watu wanaosubiri mkutano. Masika yalikuwa karibu. Ama Ndalo apate dhamana na kurudi kuezeka kabla mvua haijakolea, ama kuta za udongo zilowe, zilegee na kuanguka, na wao waanze maisha upya na rundo la mabati mapya yasiyo na nyumba chini yake.

Tatizo la Nanjilo lilikuwa mtandao. Mtandao wa kijiji ulikuwa mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Siwema. Ukisimama juu yake, unaongea na dunia. Ukishuka hatua moja, unaongea na mchwa. Serikali ilipopata habari kwamba Siwema, mdhamini wa Ndalo, atahudhuria shauri akiwa hapo, ilituma ofisa kuja kukikagua. Alikizunguka, akakipima kwa miguu, akatangaza kwamba kuanzia leo kichuguu ni Tawi la Mahakama, na mchwa waliomo wanaishi humo kwa ruhusa. Kabla hajaondoka alichomeka kibao chenye masharti: usipande na viatu, usipande ukiwa umevaa khanga yenye maneno ya kejeli, na simu za mkononi haziruhusiwi katika eneo la mahakama.

Siwema alikisoma kile kibao, akakisoma tena. "Sasa bila simu nitahudhuria na nini?"

Ofisa alimweleza kwa upole kwamba yeye ameletewa vibao, hakuletewa maswali.

Havijawa ndiye aliyepata njia. Waliifunga simu kwenye ncha ya mti mrefu, na Havijawa akaushika akiwa chini, nje ya mpaka wa mahakama, huku ncha na simu zikielea juu ya kichuguu mbele ya uso wa Siwema. Simu ilikuwa na mtandao lakini haikuwa imegusa mahakama. Hata ofisa alipopita siku nyingine kuangalia kibao chake alikubali kwamba sheria haijavunjwa, akasaidia hata kuushika mti wakati Havijawa anajikuna.

*

Siku ya shauri la kwanza Siwema alipanda kichuguuni peku, amevaa khanga isiyosema chochote. Skrini ikafunguka vidirisha. Katika kimoja alikuwepo Karani wa Mahakama, bwana Bosko, mtu wa sauti nyembamba. Kingine kilikuwa cheusi, cha hakimu. Na katika kingine alimwona mumewe, ameketi kwenye kiti cha gerezani, amekonda, ndevu zimemjaa, akitazama simu kama mtu anayetazama kisimani.

Simu ya gereza ilikuwa moja. Ilikuwa imejengewa ukutani kwa nondo na zege ili isiibwe na wafungwa, ambao ni wezi, wala isihifadhiwe na askari, ambao ni waangalifu. Ilimtazama mtu aliyeketi, wala haikugeuka juu au chini.

"Baba Chausiku," Siwema aliita.

"Mama Chausiku. Mmepata mvua?"

"Bado. Lakini inakuja."

"Mabati yasiguse udongo, yatashika kutu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mapenzi, na Bosko akayakata kwa kutangaza kwamba Mheshimiwa Hakimu Fulgensi Tambalizi anaingia. Kidirisha cheusi kikapata uso mnene, joho, na kikombe cha maziwa. Wote wakasimama. Siwema alikuwa amesimama tayari, maana juu ya kichuguu hakuna pa kukaa. Ndalo naye akainuka, kwa adabu zake zote, na kichwa chake kikapanda, kikatoka nje ya kidirisha. Likabaki tumbo. Kisha akajinyoosha vizuri zaidi, ikabaki mikono imekunjwa mbele ya suruali.

Hakimu alitazama suruali kwa muda.

"Mtuhumiwa yuko wapi?"

"Nipo, mheshimiwa," ilijibu suruali.

"Mahakama inaona kiuno. Kanuni ya kwanza inataka sura. Bwana Bosko, andika: mtuhumiwa hakufika."

Ndalo akaketi upesi ili aonekane. Hakimu akashika kalamu. "Andika pia kwamba alipoonekana, alionekana ameketi wakati mahakama imesimama. Huko ni kudharau mahakama."

Shauri likaahirishwa. Siwema akabaki juu ya kichuguu, mchwa wakimpanda miguuni, akijaribu kuelewa namna gani mumewe ameweza kutofika na kuleta dharau kwa wakati mmoja. Havijawa alimwambia kutoka chini kwamba ndiyo shida ya kuolewa na mtu mrefu. Mfupi angefungwa kwa kosa moja tu.

*

Siwema hakukaa bure. Alibeba kikapu cha mihogo akaenda mjini kumwona mumewe, na huko ndiko alikogundua jambo ambalo watu wa Haki Hewani walikuwa wamesahau kulitaja uzinduzini. Gereza na Mahakama ya Wilaya vilikuwa vimejengwa vikiegemeana, ukuta mmoja. Zamani palikuwa na mlango mdogo, mtuhumiwa anainama, anapita, yuko mbele ya hakimu. Mlango huo ulizibwa kwa tofali katika sherehe fupi. Sasa picha ya Ndalo ilitoka gerezani, ikapanda mnarani, ikaenda makao makuu, ikarushwa juu kwenye chombo cha nchi rafiki kinachozunguka dunia, ikashuka, ikapita ofisi nyingi kusalimia, mwishowe ikafika mezani kwa hakimu, upande wa pili wa ukuta.

"Namsikia kila anachofanya," Ndalo alimwambia mkewe. "Juzi kapiga chafya. Nikamwombea afya. Nimekaa, nimekaa, chafya ileile ikafika kwenye simu. Afande akaniambia nimwombee tena, ile ya kwanza haikuwa rasmi."

"Acha masihara. Nyumba itaanguka."

"Sasa nifanye nini? Nikisimama sipo. Nikikaa nina dharau."

Siwema alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. "Kunja magoti," alisema. "Simama nusu. Kama unachungulia ndani ya kibanda cha kuku."

Ndalo akajaribu pale pale. Askari wa zamu, Afande Mwachumu, mtu mwema aliyependa mihogo, alimtazama akasema kwa mbali anaweza kuitwa mtu aliyesimama.

Katika shauri la pili hakimu alipoingia, Ndalo alikunja magoti, mgongo wima, matako hewani, na uso wake ukabaki katikati ya kidirisha kama picha ya pasipoti. Hakimu akamkagua.

"Je, mtuhumiwa umesimama au umeketi?"

"Nimesimama kiasi, mheshimiwa."

"Sheria haina kiasi." Akafikiri, akanywa maziwa. "Lakini mahakama hii ina huruma. Bwana Bosko, andika kwamba amesimama kwa unyenyekevu."

Siwema alihisi moyo wake ukishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu mkutano wa hadhara. Hakimu akafungua jalada la dhamana. Akakohoa. Akasema, "Kwa kuzingatia," na mtandao ukamkatikia.

Aliporudi, Bosko akatangaza kwamba Mheshimiwa anaingia, na wote wakasimama upya. Akasema, "Kwa kuzingatia kwamba," akakatika. Akaingia. Wakasimama. Siku hiyo Mheshimiwa Tambalizi aliingia mahakamani mara nyingi kuliko alivyowahi kuingia mwaka mzima, bila kunyanyuka kitini. Na kila alipokuwa njiani kurudi, Ndalo hakuthubutu kukaa, maana hakuna aliyejua ataingia lini. Magoti yakaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Siwema alimwona mumewe akikaza taya kama anavyoikaza akibeba boriti.

"Vumilia, baba Chausiku," alinong'ona.

"Navumilia."

"Kwa kuzingatia kwamba mdhamini ni mtu mwenye makazi," hakimu alisema, na hapo hapo magoti ya Ndalo yakakata tamaa. Alianguka kitini kwa kishindo kilichosikika mara mbili, kwanza kupitia ukutani, kisha kupitia angani. Hakimu alisikiliza vishindo vyote viwili kwa makini, akafunga jalada. Dharau ya pili. Shauri likaahirishwa hadi mtuhumiwa atakapokuwa na miguu inayoheshimu mahakama.

Jioni hiyo mvua ya kwanza ikaanguka Nanjilo. Haikuwa kubwa. Ilipita puani mwa Mtukufu Rais ikamlowesha Chausiku, na asubuhi ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa ambao mkono uliweza kupita.

*

Mvua hiyohiyo ilinyesha mjini, na mvua haikuwa imesoma kanuni. Paa la Mahakama ya Wilaya lilikuwa la siku nyingi. Likavuja juu ya jalada, likavuja juu ya joho, kisha likavuja juu ya mashine ya Haki Hewani, na hapo ndipo likawa jambo la dharura. Hakimu akaandika barua kwa mkuu wa gereza akiomba nguvukazi. Mkuu wa gereza akauliza mahabusu kama kuna anayejua kuezeka. Mahabusu wote wakageuka kumtazama Ndalo, ambaye hakuhitaji kunyoosha mkono ili aonekane.

Kwa hiyo siku ya shauri la tatu Siwema alipopanda kichuguuni, mti wa simu ukiyumba kwa upepo na ukuta wa jikoni ukiwa umeshikiliwa na magogo, alikikuta kidirisha cha gereza kikionyesha kiti kitupu. Akatazama kidirisha cha hakimu kuona kama ana habari, na juu ya kichwa cha hakimu, ndani ya tundu kubwa la dari, akaona miguu miwili mirefu ikining'inia. Angeijua miguu hiyo popote. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha. Ilitolewa na nyundo wakati wa kuezeka shule.

"Yule pale," alisema.

"Mdhamini subiri kuulizwa," alisema Bosko.

"Jamhuri dhidi ya Ndalo Lihumbo," hakimu akasoma. "Mtuhumiwa yupo?"

Miguu ikapotea, na katika tundu kikatokea kichwa cha Ndalo, kimeelekea chini, misumari mdomoni. Aliitoa misumari kwa adabu.

"Nipo hapa, mheshimiwa."

Tone la maji likamwangukia hakimu kwenye utosi. Bosko akatazama juu, kisha akakumbuka kazi yake, akatazama chini. Hakimu hakutazama popote. Macho yake yalikuwa kwenye skrini.

"Mahakama inaona kiti kitupu," alisema.

"Mheshimiwa, niko juu yako."

"Mahakama inasikia sauti, lakini sauti hiyo haijapita kwenye mfumo."

"Basi nipe ruhusa nishuke nikakae kwenye kile kiti. Ni ng'ambo ya ukuta tu hapa."

"Ruhusa haiombwi na mtu ambaye hayupo."

Siwema hakuweza kujizuia. Alisema kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia kwamba mumewe anaonekana, kila mwenye macho anamwona, yumo ndani ya kidirisha cha hakimu mwenyewe. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayemsikiliza mtoto wa jirani.

"Mama, hicho ni kidirisha cha hakimu. Mwenye kuonekana humo ni hakimu. Au unataka mahakama iandike kwamba hakimu ana vichwa viwili?"

Kisha akasoma uamuzi. Kwa kuwa mtuhumiwa hakuonekana shauri la kwanza, aliketi katika la pili, na katika la tatu hajulikani alipo, mahakama inamtangaza kuwa mtoro. Ombi la dhamana limetupwa, maana hakuna wa kudhaminiwa. Mdhamini anaamriwa amtafute mtoro na kumfikisha kabla ya kikao kijacho, la sivyo ataingia yeye kwenye kile kiti. Wote wakasimama. Kichwa kwenye tundu hakikujua kisimame namna gani. Kikarudi juu, na Siwema akasikia nyundo ikianza tena kugonga, polepole, kama ya mtu anayefikiri.

*

Ndalo alimaliza paa la mahakama, likawa zuri, halikuvuja tena hata tone. Alasiri akarudi gerezani kama kawaida, nyundo mkononi, akagonga lango. Afande Mwachumu akafungua kidirisha cha lango, akamwona, akafurahi, kisha akafungua mfumo, akahuzunika.

"Huwezi kuingia, Ngongoti. Inasema umetoroka."

"Afande, asubuhi umenitoa wewe mwenyewe. Umenipa na misumari."

"Mimi najua. Mfumo haujui."

"Basi nikamate."

Afande alijaribu kutafuta njia, maana alikuwa mtu mwema. Kumkamata mtoro kulihitaji hati. Hati ilitolewa na mfumo, na mfumo ulitaka kwanza sura ya mtoro ionekane kwenye simu ya gereza, ambayo ilikuwa ndani, mahali ambapo mtoro hawezi kuwepo. Afande alikuna kichwa. Ndalo akakaa pale langoni akisubiri, kwa kuwa hakutaka kuongeza kosa. Uji wa jioni ulipopikwa, harufu ikamfikia. Akauliza kama anaweza kupata kikombe. Afande akamwambia kwa uchungu kwamba uji umepikwa kwa idadi ya waliopo.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu," alisema mwishowe. "Ukikaa hapa langoni utaonekana kama unataka kuvamia gereza."

Ndalo akaenda nyumbani. Siwema alimwona akija mapema sana, kama alivyozoea, maana kichwa chake kilitangulia kupita juu ya uzio. Alimpokea nyundo, akamtengea maji ya kuoga, kisha akamkumbusha kwamba mabati yako ukumbini na hayajagusa udongo.

*

Kikao kijacho kilifika wakati Ndalo amemaliza upande mmoja wa paa na mawingu yametanda upande wa pili. Siwema alipanda kichuguuni, Havijawa akashika mti. Nyuma ya Siwema, hatua chache tu, nyumba yake ilionekana wazi, na juu ya kenchi za paa mtoro akiwa amekaa mguu huku na mguu huku, akipigilia.

Siwema aliogopa. Alikuwa amelala macho akipanga aseme nini. Akidanganya, atakuwa amemficha mtoro. Akisema kweli, kuta zitabaki na nusu paa. Mwishowe aliamua kusema kweli, kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa na uzoefu nayo.

Hakimu Tambalizi akaingia, mkavu, chini ya dari isiyovuja. Wakasimama.

"Mdhamini. Umemwona mtoro?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Yule pale nyuma yangu, juu ya paa."

Hakimu akasogeza uso kwenye skrini mpaka ikajaa pua. Bosko naye akasogea. Walimtazama mtu mrefu juu ya nyumba, amewapa mgongo, akigonga.

"Ana kidirisha chake?" hakimu aliuliza.

"Hana, mheshimiwa," alisema Bosko.

"Sura inaonekana?"

"Kisogo tu."

"Basi huyo ni mandhari," alisema hakimu. "Bwana Bosko, andika: mdhamini ameonyesha juhudi. Mama, mahakama inakupongeza. Endelea kumtafuta. Ila mwambie huyo fundi wa nyuma yako aache kugonga kidogo, anaingilia kazi ya mahakama. Tunamtafuta mtu hapa."

Siwema akageuka.

"Fundi," aliita, "mahakama inasema utulie kidogo."

Ndalo akaweka nyundo. Alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri, na fundi akiacha kugonga ghafla ndipo mwili unapokumbuka kwamba umechoka. Akageuka upande wa kichuguu. Akanyoosha mikono. Na pale juu, mbele ya Tawi la Mahakama, akapiga mwayo.

Ulianza polepole, ukafunguka, ukakaa wazi. Havijawa akaupata, mti wa simu ukayumba. Siwema akaupata, akajifunika kwa ncha ya khanga. Kisha mwayo ukapanda mnarani, ukaenda makao makuu, ukarushwa angani, ukazunguka dunia pamoja na mambo mengine ya muhimu, ukashuka, ukamfikia Bosko. Bosko alijitahidi, machozi yalimtoka, mashavu yakamvimba, kisha akashindwa. Na Mheshimiwa Hakimu Fulgensi Tambalizi, akiwa ameinua mkono kuahirisha shauri, akafungua kinywa, kikafunguka zaidi, mpaka meno ya mwisho yakaonekana, na hapo mtandao ukakatika.

Picha ikaganda.

Walisubiri. Hakimu alibaki palepale kwenye skrini, mkono juu, kinywa wazi, rasmi kabisa, bila kibali.

"Tushuke?" Havijawa aliuliza.

"Hapana," alisema Siwema. "Hajatoka. Hatujaruhusiwa."

Wakaendelea kusimama. Nyuma yao matone ya kwanza yakaanza kulia juu ya bati jipya, na Ndalo, ambaye kwa mujibu wa sheria hakuwepo, akachukua nyundo akaendelea na upande wa pili.